Nilikula Wali Juu ya Mlango Wetu

Mwezi uliopita nilikula wali juu ya mlango wa nyumba niliyokulia. Msinicheke. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaoa Geita mjini, na sisi upande wa mwanamume tulialikwa kwa wakwe kuzungumza mambo ya harusi. Tukakaribishwa kwenye meza ya chakula ndefu, ya watu kumi na wawili, kitambaa cheupe juu, glasi zinang'aa. Mtu akamwaga mchuzi mbele yangu. Nikainua kitambaa nifute, na pale chini, kwenye ubao mwekundu wa mninga, nikaona doa jeusi la kuungua, refu kama kidole, na kando yake viraka viwili vya pembe ya ng'ombe. Doa lile nalijua. Mimi na dada zangu tuliwahi kuegemeza koroboi mlangoni, na mama akatuchapa sote bila kuuliza nani. Na viraka vya pembe hakuna fundi aliyekuwa akiviweka isipokuwa marehemu baba yangu.

Nikarudisha kitambaa nikaendelea kula. Wenzangu wa rika langu mtanielewa: ukikikuta kitu cha kwenu kimevalishwa nguo za watu, unaona haya kukisalimu. Lakini kuanzia hapo sikusikia tena habari za ukumbi wala za mashela.

Jina langu Shija. Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija, hana ubishi. Dada zangu mapacha walikuwa bweni huko Geita, kwa hiyo nyumbani tulibaki mama, baba na mimi, kwenye kijiji kimoja upande wa Kharumwa kilichopakana na mgodi. Baba alikuwa seremala, na kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Hakununua mbao mpya. Alinunua nyumba zinazobomolewa: milango, fremu, mbao za kenchi, nguzo za baraza, madirisha ya mbao ya maduka ya zamani. Vyote hivyo alivigeuza kuwa meza za chakula na viti vyake, akawauzia matajiri wa dhahabu waliokuwa wakijenga majumba mjini. Milango ikawa uso wa meza, nguzo za baraza zikawa miguu, na vipande vya madirisha vikawa migongo ya viti.

Watu wakimuuliza kwa nini anahangaika na makuukuu, alikuwa akijibu, "Mbao za siku hizi mbichi, ukizipa kisogo zinajikunja. Mlango wa zamani umeshajikunja kadiri ulivyotaka. Haudanganyi tena." Adui yake mkubwa alikuwa msumari uliojificha ndani ya ubao, maana ukigusana na randa, makali ya randa yote yanakwisha. Kwa hiyo alinipa sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio, nami nikawa napitisha juu ya ubao taratibu, na ikivuta naita, "Baba, hapa!" Mashimo ya misumari aliyaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Mashimo makubwa ya makomeo na vitasa ndiyo aliyaziba kwa pembe, akachonga, akasugua kwa msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii mahali ubao unapoishia na ng'ombe anapoanzia.

Sasa, mgodi ulikuwa unasogea. Walikuja watu wa kuhesabu nyumba, wamevaa vizibao vya kung'aa, wakapima, wakapiga picha, kisha mmoja akachovya brashi kwenye rangi nyekundu akaandika namba kwenye mlango wetu. Wakasema tutahamishwa, tusubiri. Kabla ya hapo tusijenge, tusikarabati, tusipande chochote cha kudumu. Walipoondoka baba akaongeza ya kwake: nyumba isikae bila mtu. Hata kidogo. "Nyumba tupu ni ya kila mtu," alisema. Babu yangu, baba yake, aliwahi kwenda msibani, na aliporudi akakuta mtu mwingine ameezeka kwenye kiwanja chake. Kesi ikamzeesha, akafa nayo. Kwa hiyo baba hakuwa mkatili, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye familia huwafungia wote chumba kimoja na woga wake.

Basi tukafungwa. Hakuna aliyegeuza ufunguo, lakini tulifungwa. Paa likavuja, haturuhusiwi kuliziba, tukapanga sufuria sakafuni. Ukuta ukapata ufa, tukautazama unavyokua. Kila alasiri king'ora cha mgodi kinalia, kisha mlipuko, vyombo vinagongana kabatini na vumbi linadondoka kwenye uji. Baba alikuwa na visingizio vya kutoka, kwani kazi yake ilikuwa ya kuzunguka kutafuta milango. Aliyeachiwa nyumba ni mama. Alikuwa haendi gulioni wala haendi msibani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na Jumapili wenzake walipita na sare zao wakimwita, "Mama Kulwa, mbona hatukuoni?" Naye anajibu akiwa amesimama kizingitini, "Nipo jamani, nimeshikwa kidogo." Kidogo! Mvua za kwanza zikaja zikaisha, zikaja za pili, bado ameshikwa kidogo. Mahali pekee alipofika ni kisimani, na hapo ni mpaka mimi nitoke shuleni nikakae mlangoni badala yake. Nilichukia kukaa pale. Nilihisi mlango unanitazama mgongoni.

Jirani zetu walianza kuhamishwa kabla yetu. Familia ya rafiki yangu Holo ndiyo iliyotangulia, na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kukubaliana nao, siku ya kuhama alikwenda kuung'oa mlango wao, nami nikaenda na sumaku yangu. Skrubu za bawaba zilikuwa zimeshikwa na kutu. Baba akazimwagia oili chafu ya gari, akasubiri, akaigonga bisibisi kwa nyundo, akatukana kidogo kwa Kisukuma, hatimaye zikaachia. Mlango ukatoka. Na palepale, naapa, lori likawashwa, mama yake Holo akapiga vigelegele, wakapanda wote wanacheka, wakaenda. Nikaona hivyo hivyo kwa nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Mlango unatoka, watu wanatoka.

Akili ya mtoto mnaijua. Nikaweka mlango mbele, safari nyuma. Nikaamini wale watu wa rangi nyekundu waliuandikia mlango wetu amri ya kutushika, na kwamba usipoondolewa hatutaondoka milele, tutakaa humo mpaka ufa uwe mkubwa kuliko ukuta.

Ndipo ikaja habari ya bibi. Mjomba alipiga simu kutoka Kolandoto: mama yao amelazwa hospitali, hali si nzuri, na anamtaja mama kila akiamka. Jioni ile mama alipakua ugali, akanawa mikono, lakini hakula.

"Baba Kulwa, nataka kwenda kumwona mama yangu."

"Utakwenda," baba akasema. "Nakwenda Buseresere, kuna maduka ya zamani yanabomolewa. Ile meza ya Mama Glory imepungukiwa ubao mmoja. Nikirudi, utakwenda."

"Na asiponisubiri?"

"Mama Kulwa, subira huvuta heri."

"Wakati mwingine inavuta msiba," mama akasema, akaondoa vyombo.

Nilitegemea abishe zaidi. Nilitaka apige kelele, avunje hata kikombe. Hakufanya hivyo. Siku zilizofuata, baba akiwa ameshaondoka, mama akawa mkimya sana, na alasiri akawa anakaa kizingitini amenipa mgongo, ameelekea kwenye bawaba, na kikombe kidogo pembeni. Nikimuuliza anafanya nini anasema anafuta vumbi la mlipuko. Mlango wetu ulikuwa na tabia ya kulia, ukiufungua tu jirani wa tatu anajua. Siku hizo ukanyamaza. Nikadhani nao umekata tamaa kama sisi.

Siku yenyewe nilirudi shuleni nikamkuta mama ameshashika ndoo. "Kaa hapo," akaniambia, na kwa mara ya kwanza akaongeza, "Leo nitachelewa." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikakaa. King'ora kikalia, mlipuko ukapiga, mchanga ukadondoka kichwani mwangu, na hapo nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo sijaipata tena. Mimi niliyekuwa mwoga wa kuku! Nikainuka nikaenda kwenye banda la kazi la baba, nikachukua bisibisi na kipande cha ubao cha kukingia chini ya mlango, kama nilivyomwona akifanya, nikaanza na bawaba ya juu nikiwa nimesimama kwenye kinu.

Nilijiandaa kwa vita. Skrubu ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ya pili vilevile. Zilikuwa na mafuta, yananukia kama ya jikoni, na vidole vyangu vikateleza kama nimetoka kula maandazi. Wala sikujiuliza. Nikajiona fundi, nikajiambia, Shija wewe, umerithi mkono wa baba yako. Ya mwisho ilipotoka, mlango ukaegemea ukuta taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa. Nikaukalisha juu ya gunia nikauburuta mpaka bandani, nikaulaza juu ya milango mingine, kisha nikarudi nikakaa kizingitini kusubiri lori.

Na gari likaja! Hebu fikirieni moyo wa mtoto. Halikuwa lori, ilikuwa pikapu ya Mama Glory, mke wa mnunuzi wa dhahabu wa Geita, amekuja na dereva kuchukua mbao za meza yake. Meza kubwa namna ile haipiti mlangoni. Mbao hupelekwa nyumbani kwa mwenyewe, na fundi anaiunga humo humo chumba cha kulia.

"Hodi hapa! Fundi yupo?"

"Shikamoo. Baba amekwenda Buseresere kutafuta ubao."

"Marahaba. Kwenda Buseresere kutafuta nini wakati huu hapa umelala?" Akapitisha mkono juu ya mlango wetu. "Huu ndio mninga sasa. Juma, pakia."

Dereva akasita. "Mama, huu una namba ya mgodi."

"Namba si inarandwa?"

Hapo ndipo mama alipotokea na ndoo kichwani. Akasimama. Mahali palipokuwa na mlango palikuwa na tundu tu, na ukiwa uani uliona mpaka ndani, kitanda chao, sufuria za kukinga mvua, kila kitu. Akalitazama tundu. Akautazama mlango mikononi mwa dereva. Akanitazama mimi, na bisibisi ningali nimeishika. Nikafumba macho nikasubiri kofi.

Kofi halikuja. Nilimsikia akitua ndoo mwenyewe, bila kuomba msaada, kisha akauliza, sauti yake nyembamba, "Gari yenu inapita stendi ya Kharumwa?"

"Inapita," akasema Juma.

"Basi upakieni. Na sisi mtupakie."

"Heee, na nyumba je, dada yangu?" akauliza Mama Glory.

"Ipi? Hiyo haina mlango. Nyumba isiyo na mlango mtu anailinda vipi?"

Akaingia ndani akatoka na kanga mbili, kopo la samli na sandali zangu. Tukaondoka kijijini tumekaa juu ya mlango wetu, mimi nimekalia namba. Nilikuwa nafurahi mpaka tumbo linaniuma. Nilikuwa nimepatia! Mlango umetoka, na sisi tumetoka. Tulipopita kanisani mama akaanza kuimba, pole pole, sauti ya pili peke yake bila ya kwanza, na machozi yanamtiririka anayaacha tu.

Stendi tukashuka. Mama akaupigapiga mlango kwa kiganja kama anavyoagwa ng'ombe aliyeuzwa, pikapu ikaenda zake Geita, nasi tukapata gari ya Kahama, tukaunganisha Shinyanga, mpaka Kolandoto. Bibi alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Mama akapiga magoti.

"Umekwamia wapi siku zote hizi?" bibi akauliza.

"Mlango ulikuwa mgumu, mayu."

"Umekuja," bibi akasema, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja."

Mama alimnywesha uji, akampaka samli miguuni, akamsuka vile vinywele vichache alivyobaki navyo, akalala sakafuni kwenye kanga. Mimi nilikaa kwa mjomba, nikipelekwa kila siku kuwaona. Walikuwa wakicheka, yaani wanacheka mpaka muuguzi anawanyamazisha. Bibi hakukaa sana. Aliondoka asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwa mama.

Baba alifika siku ya mazishi, nguo zimejaa vumbi. Nilijificha nyuma ya mama. Alitoa pole kwa kila mtu, akazika na wanaume wenzake, na watu walipotawanyika akaja kukaa karibu yetu mkekani.

"Nani aliung'oa mlango?" akauliza.

"Mimi," mama akasema kabla sijafungua kinywa.

Nilimshika kanga kwa nguvu. Nilijua ananikinga na viboko, nikampenda kwa hilo kiasi cha kutaka kulia. Baba alikuwa mtu wa kuzungukazunguka maneno kabla hayajamtoka.

"Nyumba haijachukuliwa na mtu," akasema mwishowe. "Nimewakuta mbuzi tu wa jirani, wamelala chumbani kwetu, mmoja juu ya kitanda." Mama akaguna, kisha akacheka, msibani hapo, akajiziba mdomo na kanga. "Nisamehe, Mama Kulwa," baba akasema. "Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Mama alimtazama kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu akaacha, akamshika mkono.

Ule ubao aliouleta kutoka Buseresere, baba aliukatakata akauweka mahali pa mlango wetu, akaandika namba upya kwa rangi nyekundu, na walipokuja wale watu hawakuona tofauti. Tulihamishwa baadaye, kwa amani. Naye akaenda Geita kumaliza meza ya Mama Glory. Aliporudi akamwambia mama, "Nimeuona mlango wako. Umelala tu, watu wanaupangia sahani."

"Acha ulale," mama akasema. "Ulisimama sana."

Miaka yote hiyo nimeisimulia hadithi hii kama yangu. Nimewasimulia wanangu, nimemsimulia mume wangu mpaka amechoka: mimi, Shija, nikiwa na mikono midogo hivi, ndiye niliyemfungua mama yangu. Kwa hiyo siku ile kwa wakwe, nilipomaliza kunawa, nilimwomba Mama Glory ruhusa, maana ndiye mama wa bibi harusi na hakunikumbuka hata chembe, nikatoka barazani nikampigia mama simu. Yuko kule tulikohamishiwa, amezeeka, lakini masikio yake mazima.

"Mama, nimekula juu ya mlango wetu."

Akacheka sana. Akauliza kama lile doa la koroboi bado lipo, nikamwambia lipo. Akauliza kama wali ulikuwa na nazi. Kisha nikaanza kama kawaida yangu, kujisifu, mimi na bisibisi yangu.

"Shija," akanikatiza. "Skrubu zile zilikuwa na kutu hujazaliwa. Baba yako mwenyewe alikuwa akizigonga kwa nyundo. Wewe uliwahi kujiuliza zilitokaje?"

"Si baba alizitia oili?"

"Baba yako alitia oili chafu. Wewe mkono wako ulinukia nini?"

Barazani pale, na watu wanacheka ndani, vidole vyangu vikakumbuka kabla yangu. Mafuta ya pamba. Yale ya jikoni, ya kukaangia maandazi.

"Kila alasiri nilikuwa nazilegeza," mama akasema. "Moja moja, na kisu cha jikoni. Nikifika ya mwisho mikono inakataa, nazirudisha zote, naingia ndani kupika. Namwogopa baba yako? Wala. Nilikuwa naogopa Kolandoto. Mlango ukiwepo nilikuwa na sababu ya kutokwenda kumwona mama yangu anakufa. Baba yako aliponiomba msamaha pale msibani nilitaka kumwambia, nikashindwa. Alikufa akidhani ni yeye aliyenifunga."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Siku ile sikuzirudisha," akasema. "Niliziacha zimelegea hivyo hivyo, nikaenda kisimani, nikakaa huko naomba nikirudi niukute umeanguka wenyewe, hata kwa mlipuko, hata kwa upepo. Wewe ukauwahi upepo, mwanangu."